Kamba Hana Pepsini: Tunafundisha Tumbo la Nani?

Muulize mwanachuo yeyote wa ualimu wa sayansi, hata ukimwamsha saa nane za usiku, protini inaanza kumeng'enywa wapi na kimeng'enya gani. Atakujibu kabla hajafungua macho: tumboni, pepsini, kwenye asidi ya haidrokloriki, pH kama 2. Jibu ni sahihi na maksi zake atapata. Shida yangu ni kwamba tunalitoa kana kwamba ni sheria ya maumbile, wakati ni maelezo ya tumbo la mtu na la baadhi ya wanyama wanaofanana naye. Panda daladala mpaka soko la samaki la Feri pale Kivukoni, utakuta mabeseni yamejaa wanyama ambao sentensi hiyo haiwahusu kabisa. Kamba hana pepsini. Hana hata mahali pa kuiweka.

Ninachotetea hapa ni kitu kimoja. Sisi tunaokwenda kuwa walimu wa baiolojia tuanze somo la umeng'enyaji wa protini kwa kamba, sato na dagaa, halafu ndipo tufike kwa binadamu. Mwanafunzi anayeonyeshwa tumbo moja tu anajifunza jina la kimeng'enya. Anayeonyeshwa matumbo matatu tofauti anaanza kuelewa kimeng'enya ni kitu gani na kwa nini kinafanya kazi hapa na kugoma pale. Kuna na sababu nyingine, ya hali halisi ya maabara zetu, nitaifikia.

Tuanze na kamba mwenyewe. Nazungumzia kambamiti wetu wa delta ya Rufiji na Bagamoyo, jamii ya Penaeus: kamba weupe ambao jina lao la kitaalamu ni Penaeus indicus, na wale wakubwa wenye mistari, Penaeus monodon. Kamba anashika chakula kwa viungo vya mdomoni, anakikatakata, kisha kinaingia kwenye mfuko wa mbele ambao tunaweza kuuita tumbo kwa heshima tu. Ndani ya mfuko ule kuna vitu kama meno vinavyosaga. Ukuta wake umefunikwa na kaitini, dutu ileile ya gamba la nje, na kamba akijivua gamba anavua na bitana hiyo ya ndani. Sasa ukuta uliopigwa bitana ya kaitini utamwagaje asidi? Haumwagi. Juisi ya kumeng'enyea inatoka nyuma, inakuja mbele kukutana na chakula.

Inatoka kwenye tezi inayoitwa hepatopankriasi. Jina zito, lakini kitu chenyewe unakijua: ukivunja kichwa cha kamba, ile tope ya rangi ya kahawia au ya chungwa, ndiyo hiyo. Imetengenezwa kwa vijineli vingi sana vyembamba vilivyoziba upande mmoja, na inafanya peke yake kazi ambazo kwetu zimegawanywa kwa viungo kadhaa. Inatengeneza vimeng'enya kama kongosho, inahifadhi mafuta kama ini, na inafyonza virutubisho kama utumbo mwembamba. Mazingira ndani yake yako karibu na pH 7, yaani hayapishani sana na maji ya kawaida.

Kazi ya protini humo inafanywa hasa na tripsini na mwenzake kaimotripsini. Kwa makadirio yanayonukuliwa sana, tripsini peke yake inafanya mpaka asilimia 60 ya umeng'enyaji wa protini kwa kamba wa jamii hii. Tripsini inakata mnyororo wa protini pale palipo na laisini au arjinini. Kaimotripsini inapenda zile amino asidi zenye umbo kubwa la duara. Vipande vikishapatikana vinakuja vimeng'enya vingine vinavyomega ncha, kimoja upande huu na kingine upande ule, mpaka zibaki amino asidi mojamoja na vipande vidogo vinavyofyonzwa.

Hapo ndipo napenda kusimama kidogo, kwa sababu tripsini ni kitu ambacho na sisi tunacho. Kongosho letu linaimwaga kwenye utumbo mwembamba, na kiini chake cha kazi ni kilekile cha kamba: amino asidi tatu, serini, histidini na aspateti, zimekaa kama mafiga matatu. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba kamba ni mnyama duni mwenye mfumo ambao haujakamilika. Yeye na sisi tunapita njia moja, ila daladala yake haisimami kituo cha kwanza. Tofauti ipo kwenye ustahimilivu. Tripsini ya ng'ombe ukiiweka kwenye asidi ya pH 3 inatulia tu, na ukiirudishia mazingira yake inaendelea na kazi. Ya kamba inaharibika. Haijawahi kuishi jirani na asidi, itaizoea wapi?

Lakini jamani, tusije tukafuta "pepsini" ubaoni tukaandika "tripsini" halafu tukakaririsha upya. Kuna kamba mdogo wa Bahari ya Kaskazini kule Ulaya, Crangon crangon, ambaye tripsini yake ni kidogo mno. Anategemea zaidi kundi jingine, kathepsini zinazotumia sisteini kama kisu chao. Kambakoche wa Marekani mwenye magando makubwa ana kathepsini D kwenye juisi ya tumbo, ambayo ni ndugu wa pepsini na inapenda asidi. Na kamba wa mitoni wa Ulaya, Astacus astacus, ana kimeng'enya kinachofanya kazi kwa kushikilia madini ya zinki. Kiliitwa astasini kwa jina la huyo mnyama, na baadaye ikaonekana kwamba kuna familia nzima ya vimeng'enya vya namna hiyo, vikiwemo vya mwili wa binadamu vinavyoshughulika na ujenzi wa kolajeni. Familia yote inaitwa astasini. Yaani kwenye orodha hiyo binadamu ndiye ameandikwa chini ya jina la kamba, na hakuna aliyelalamika.

Kwa nini basi vitabu vyetu vinaanza na pepsini? Ni historia tu. Mwaka 1833 daktari wa jeshi la Marekani, William Beaumont, alichapisha kitabu cha majaribio yake kwa Alexis St. Martin, kijana aliyepigwa risasi mwaka 1822 na kubaki na tundu tumboni ambalo halikuziba. Beaumont alikuwa anafunga vipande vya nyama kwa uzi, anavipitisha kwenye lile tundu, na kuvivuta baadaye aone vimeyeyuka kiasi gani. Mwaka 1836 Theodor Schwann akaipa pepsini jina. Tripsini ilisubiri mpaka 1876, kwa Wilhelm Kühne kule Heidelberg. Waliokuwa wanachunguzwa ni watu, nguruwe, ng'ombe na mbwa, kwa hiyo mpangilio wa kitabu ukafuata mpangilio wa ugunduzi. Wangeanza na beseni la kamba, pepsini leo ingekuwa aya ya chini ya ukurasa.

Sasa twende ziwani, maana mtu wa Mwanza ataniuliza kamba wa Rufiji wanamhusu nini.

Sato ana tumbo, na si tumbo la mchezo. Mwaka 1973 mtafiti D. J. W. Moriarty alichapisha kazi aliyoifanya kwenye Ziwa George, Uganda, kuhusu sato anavyokula mwani wa kijani-bluu. Mwani ule una ukuta mgumu wa seli. Alikuta asidi ya tumbo la sato inashuka mpaka pH 1.4, kali kushinda ile tunayowafundisha watoto kuwa ya binadamu, na kwamba asidi yenyewe ndiyo inayopasua seli za mwani ili vimeng'enya vya utumboni vipate cha kufanyia kazi. Kizuri zaidi ni hiki: asidi haiko muda wote. Usiku sato akiwa hali, inapungua, na asubuhi akianza kula inapanda polepole, kiasi kwamba chakula cha kwanza cha siku kinapita kikiwa hakijameng'enywa vizuri. Mimi nikisoma hapo nilicheka. Hata samaki anahitaji muda wa kuamka.

Na dagaa wa Mwanza? Huyu yuko ukoo mmoja na samaki wa Ulaya na Asia anayeitwa karpu, na ukoo huo hauna tumbo. Chakula kinatoka kooni kinaingia utumboni moja kwa moja. Hakuna asidi, hakuna pepsini, kazi yote iko kwa tripsini na wenzake, kama kamba. Ila dagaa wa Kigoma ni mtu mwingine kabisa, ukoo wake ni wa akina heringi na simu, na tumbo analo. Wauzaji wanabishana kila siku dagaa wa wapi mtamu. Kumbe chini ya ubishi huo kuna samaki wawili, mmoja mwenye tumbo na mwingine asiye nalo, tumewapa jina moja. Samaki wamepoteza tumbo mara kadhaa katika historia yao, koo mbalimbali kwa nyakati mbalimbali, na watafiti waliochapisha mwaka 2014 walionyesha kwamba waliopoteza tumbo wamepoteza pia jeni za pepsini na za pampu inayotengeneza asidi. Swali zuri la Kidato cha Pili limekaa hapohapo: kwa nini mnyama aache kitu ambacho kitabu kinasema ni cha lazima?

Pweza naye nimtaje kwa sentensi moja, ili wa Unguja wasinune: akimkamata kaa anamtemea mate yenye vimeng'enya vinavyolegeza nyama kutoka kwenye gamba, yaani anaanza kumeng'enya chakula ambacho bado hajakimeza.

Mpaka hapa utasema haya ni maarifa ya kuchangamsha baraza. Lakini vimeng'enya hivi havifi mnyama anapokufa, na hapo ndipo mambo yanapogusa mfuko wa mtu. Kamba akiwa hai, hepatopankriasi imefungiwa, chakula utumboni kimezungushiwa utando, na damu yake ina protini za kuzuia vimeng'enya vilivyotoroka. Akishakufa, kuta za seli zinaachia. Tope ya kichwani inavuja kuelekea mkiani, inakutana na nyama, na inaanza kufanya kazi iliyoumbiwa. Miongoni mwa vimeng'enya hivyo vipo vinavyokata kolajeni, ile gundi inayoshika nyama pamoja. Cha kwanza kutolewa kwa wanyama wa aina hii kilitoka kwa kaa mdogo mwenye gando moja kubwa, kazi iliyochapishwa Marekani mwaka 1969. Kolajeni ikikatika, nyama ya kamba inalegea, unaishika inakuwa kama ugali uliozidi maji. Bakteria watakuja pia, lakini hawa vimeng'enya wametangulia, walikuwa wenyeji.

Ndiyo maana kamba anavunjwa kichwa mapema na kutiwa barafu. Barafu haiui kimeng'enya, inakipunguzia kasi. Na inafanya hivyo vizuri kwa kamba wa bahari ya joto kama wetu. Krili wa bahari ya Antaktika, ambao ni kama uduvi walionenepa, vimeng'enya vyao vimezoea baridi kali, ndiyo maana meli za huko zinawashughulikia ndani ya saa chache tu baada ya kuwavua. Hapa naomba niseme kitu kuhusu yale madoa meusi yanayotokea kwenye kichwa na viungo vya kamba: hayo yanaletwa na kimeng'enya cha aina nyingine kabisa, kinachotengeneza rangi kwa msaada wa oksijeni. Kamba anaweza kuwa na madoa na nyama yake bado imekaza, na anaweza kuwa hana doa na mkia umeshalegea. Kwa hiyo ukienda sokoni usiangalie tu, minya.

Dagaa na samaki wadogo nao ni hivyohivyo. Wakivuliwa wakiwa wameshiba, matumbo yamejaa juisi, ukiwachelewesha kwenye joto matumbo yanapasuka. Mchuuzi anahesabu hasara, mteja anasema "hawa wa jana". Si lazima wawe wa jana.

Sasa lile la maabara. Nilipokuwa fildi, shule moja ya kata mkoa wa Pwani, nilipangiwa somo la vimeng'enya kwa darasa la wanafunzi zaidi ya 80. Kabatini kulikuwa na kopo moja la pepsini lililopitwa na muda, na asidi ambayo ufunguo wake alikuwa nao mtu ambaye hayupo. Wengi wetu tumekutana na hali hiyo na tunajua kinachofuata: unachora jedwali ubaoni, unaandika "observation" na "inference", watoto wananakili matokeo ya jaribio ambalo hakuna aliyelifanya. Kutoka shuleni hadi diko ni mwendo wa dakika kumi. Nilikwenda alfajiri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Unataka kilo ngapi?"

"Nataka vichwa tu, mama, kama mnatupa."

Aliniangalia juu mpaka chini. "Vichwa? Una paka wangapi?"

Nilipomweleza kwamba ni vya kufundishia, alijaza mfuko na kutia barafu juu bila kuombwa, akanikanya niwahi, maana kichwa ndicho kinachoharibu kamba wote. Hakuhitaji neno hepatopankriasi. Anajua kiungo, anajua kinachofanya, anajua dawa yake. Alichokosa ni jina tu, na sisi tuna majina bila kiungo.

Jaribio lenyewe ni hili, ulinakili ukitaka. Kamua ile tope ya vichwa kama kumi kwenye kinu kidogo, ongeza maji baridi kiasi cha kikombe cha chai, twanga taratibu, chuja kwa kitambaa safi mara mbili. Weka kwenye barafu. Chukua maziwa ya unga yaliyotolewa mafuta, koroga kijiko kidogo kwenye glasi ya maji mpaka upate maji meupe. Yasiwe na mafuta, kwa sababu ukungu wa mafuta hautaondoka na watoto watadhani jaribio limeshindwa. Gawa maziwa kwenye testi tyubu nne. Ya kwanza tia maji ya vichwa. Ya pili tia maji ya vichwa uliyoyachemsha kwanza. Ya tatu tia maji matupu. Ya nne tia maji ya vichwa lakini iweke ndani ya barafu. Nyuma ya kila moja bandika karatasi yenye alama ya X, mwanafunzi anachungulia X itaonekana lini.

Weupe wa maziwa ni protini, kaseini. Ikikatwakatwa, maji yanang'aa. Kabla kipindi pacha cha dakika 80 hakijaisha, X ya tyubu ya kwanza ilikuwa inasomeka. Ya pili na ya tatu zilibaki nyeupe. Ya kwenye barafu ilikuwa na ukungu kama dirisha la gari asubuhi. Kijana mmoja wa nyuma, ambaye wiki nzima sikuwa nimemsikia sauti, akauliza mbona tusitie ndimu tuone kama asidi itaharibu. Tukatia. Maziwa yakaganda palepale, mabonge mabonge. Sasa ubishi ukaanza: yameganda kwa sababu kimeng'enya kimekufa, au ndimu ingeyagandisha hata bila kimeng'enya? Utajuaje? Wakasema wenyewe: tutie ndimu kwenye maziwa matupu. Hicho ndicho kinaitwa jaribio linganishi, na mimi sikuwa nimelitaja siku hiyo. Binti mwingine akauliza kwa nini kamba hajimeng'enyi akiwa hai, na nusu ya yale niliyoandika hapo juu kuhusu utando na protini za damu nilikwenda kuyasoma usiku ule ili nimjibu kesho yake.

Gharama yote ilikuwa pakiti ya maziwa na barafu. Testi tyubu zilikuwepo. Zisingekuwepo, glasi ndogo za chai zinafaa.

Najua mtakachosema. Wenzangu wa kozi wameshaniambia: mtihani unauliza binadamu, kipindi ni kifupi, silabasi haisubiri. Ni kweli mtihani unauliza binadamu. Lakini aliyeona kimeng'enya kikifa kwa kuchemshwa hatahitaji kukariri kwamba joto kali linaharibu vimeng'enya, na hilo linaulizwa kila mwaka kwa sura hii au ile. Mtaala ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 unahubiri umahiri ukurasa baada ya ukurasa. Sasa umahiri wa kunakili jedwali ni umahiri gani?

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalipa uzito wake. Wapo watoto wenye mzio wa kamba, na mzio huo unaweza kuwa mbaya, kwa hiyo uliza kabla, na mwenye mzio asikae hata karibu na kinu. Wapo Wasabato ambao kamba kwao si chakula na hawapendi kumgusa, na wapo Waislamu wanaofuata maoni ya kutokula wanyama wa baharini wasio samaki. Mwalimu hana ruhusa ya kulazimisha wala kutania. Utumbo wa samaki unafanya kazi ileile: unautoa, unautwanga, unachuja vilevile. Ukitumia wa dagaa wabichi wa Mwanza umepata na mada ya mnyama asiye na tumbo bila kuongeza senti. Walio mbali na maji wana papai bichi, utomvu wake una papaini, ambayo inakata protini vizuri tu, na kila mama anayelainisha nyama ya ng'ombe mzee analijua hilo.

Na harufu? Harufu ipo. Fungua madirisha, fukia mabaki shambani, nawa kwa sabuni na ndimu.

Kuna jambo la uchumi ambalo ningependa wanafunzi wetu watoke nalo darasani, hata kama halimo kwenye mtihani. Kile tunachotupa dikoni ni bidhaa mahali pengine. Vietnam, kisiwa cha Phú Quốc kwa mfano, wanapanga dagaa wa baharini na chumvi kwenye mapipa makubwa na kuwaacha kama mwaka mzima. Vimeng'enya vya samaki wenyewe vinageuza nyama kuwa mchuzi unaouzwa dunia nzima. Aisilandi wanatoa tripsini kutoka matumbo ya samaki wao, chewa wa Atlantiki, ambayo inafanya kazi vizuri kwenye baridi, na wanaitia kwenye bidhaa za ngozi na za koo. Sisemi tukafungue kiwanda kesho. Nasema mtoto wa Kidato cha Pili aliyeona maji ya vichwa vya kamba yakisafisha maziwa ana mahali pa kuanzia kufikiri, na aliyenakili jedwali hana.

Karibu zaidi na nyumbani kuna wafugaji wa sato kwenye mabwawa. Wengi wanatafuta chakula cha bei nafuu na wanakimbilia soya. Soya mbichi ina protini inayoziba mdomo wa tripsini. Moses Kunitz aliitenga ikiwa fuwele safi mwaka 1945. Sato akilishwa soya mbichi anakula na hakui inavyotakiwa, na mfugaji anamlaumu aliyemuuzia vifaranga. Dawa ni moto: kaanga au chemsha soya kabla ya kusaga, ile protini inaharibika, tripsini inapumua. Haya yote yanaeleweka kwa mtu aliyeshika testi tyubu ya pili, ile iliyochemshwa. Ni wazo lilelile, limegeuzwa upande.

Kwa idara yetu nina ombi dogo. Kwenye semina za mbinu za kufundisha baiolojia tunapewa majaribio ya kuandaa, na kila mwaka umeng'enyaji unafanywa kwa pepsini ya kopo inayonunuliwa kwa bajeti ya chuo. Tukienda kazini kopo hilo hatutalikuta. Wiki moja tu ya semina ifanywe kwa vitu ambavyo shule ya kata inavipata kwa miguu: vichwa vya kamba kwa wa Pwani, utumbo wa dagaa kwa wa Kanda ya Ziwa, papai kwa wa Dodoma. Kila kikundi kiandike kilichotokea kweli, hata kama X haikuonekana. Ninaowakilisha darasa letu nimeshazungumza nao na hawajakataa. Kama tutapewa chumba Jumamosi, mimi nitaamka alfajiri kwenda Feri na deli la barafu. Maziwa ya unga tuchangie.